Ukiombwa kutangaza mchango, jua kwanza kama wewe ni mpiga debe au konda

SWALI: Nipo Sinza, natengeneza video za vifaa vya nyumbani na nina wafuasi 84,000. Vijana wawili wa Gerezani wametengeneza mbuzi ya umeme ya kukunia nazi. Wanataka watu 200 walipe shilingi 150,000 kila mmoja sasa hivi, mashine zitoke baada ya miezi minne. Mimi wananipa asilimia 10 ya kitakachopatikana. Video yao ni nzuri na mashine nimeipenda. Je, nikitangaza halafu mambo yakaharibika, lawama ni yangu au yao? Na nikague nini kabla sijakubali? Hesabu yao nimeiambatanisha. Na jirani yangu naye anataka nimtangazie mchango wa matibabu ya mtoto, nifanyeje?

JIBU: Dada, lawama itakuwa yao na itakuwa yako pia, na ya kwako inaanza siku utakayoposti.

Pale Mbagala Rangi Tatu mpiga debe anajaza gari, anapewa chake, anabaki kituoni. Gari likizima Mtoni kwa Aziz Ali, yeye hayumo. Konda ndiye anayebaki na abiria, nauli zao na chenji zao. Hawa vijana wanataka kukulipa kama mpiga debe, kwa kila kichwa utakachopakia. Wafuasi wako, waliokuamini kwa sababu uliwaambia ukweli kuhusu pasi na brenda, watakuchukulia kama konda. Ukikubali kazi hii, ikubali kwa namna wanavyokuona wao.

Kwa hiyo cha kwanza kubadilisha ni hiyo asilimia 10. Kulipwa si kosa, video ni kazi. Shida ni pesa inatoka wapi na inaongezeka vipi. Asilimia ya mchango inakatwa kwenye pesa ya mtu aliyedhani analipia mota na chuma, na inakupa sababu ya kuendelea kusukuma watu hata pale unapoanza kuona nyufa. Waombe wakulipe kiasi kimoja kisichobadilika, tuseme 500,000, kutoka mfukoni mwao, kabla mchango haujafunguliwa, wachangie watu 20 au 200. Wakisema hata laki tano hawana mpaka wachangiwe, hapo umeshajua wana akiba kiasi gani ya kukabili mkwamo wa kwanza.

Sasa tuingie kwenye hesabu yao, maana hapo ndipo pana hatari kubwa kuliko ya utapeli. Kwa mashine moja wameandika: mota 45,000, chuma na bodi 30,000, kichwa cha kukunia 12,000, waya, swichi na plagi 9,000, kazi ya fundi 20,000, boksi 4,000. Jumla 120,000. Wao wanaona faida ya 30,000 kwa kila mashine, yaani milioni 6 kwa mashine 200. Lakini toa asilimia 10 yako, milioni 3, zinabaki milioni 3. Toa bodaboda au kifurushi cha basi kwa 8,000 kila mashine, yaani milioni 1.6, inabaki milioni 1.4. Mashine 10 tu kati ya 200 zikirudi mbovu na zikabadilishwa, milioni 1.2 imekwenda. Mezani imebaki laki mbili. Hapo hatujagusa makato ya kutoa pesa, kodi ya karakana wala TRA. Mota ikipanda bei kwa 5,000 tu, wana pengo la laki nane, na hakuna aliyemwibia mtu.

Mradi mzuri wenye watu waaminifu hufa hivyohivyo. Mwaka 2014 huko Marekani deli la barafu lenye brenda na spika, Coolest Cooler, lilichangiwa zaidi ya dola milioni 13 na watu zaidi ya 62,000 kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa za miradi. Bei waliyotozwa wachangiaji haikutosha kulitengeneza. Baadaye wakaombwa waongeze dola 97 kama wanataka kupata mapema, na kampuni ilipofunga mwaka 2019, wachangiaji wapatao 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka mwaka 2015, ulikuta asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo Kickstarter haikutoa ilichoahidi. Huo ni mtandao wenye masharti na wakaguzi. Hapa kwetu mkaguzi ni wewe.

Kwa hiyo warudishe mezani. Ama bei ipande hadi 175,000 au 180,000, ama wapunguze kitu ndani ya mashine na waseme wazi wamepunguza nini. Na wasianze na 200. Waanze na 50.

Baada ya hapo nenda Gerezani mwenyewe, usiridhike na video yao. Nunua nazi 20 njiani. Sampuli nyingi za namna hii huwa na mota iliyong'olewa kwenye brenda, na mota ya brenda imeundwa kufanya kazi dakika moja au mbili kisha ipumzike. Kwenye video wanakuna nazi moja, inapendeza. Wewe waambie wakune zote 20 mfululizo, kama mama ntilie anavyofanya asubuhi. Weka mkono juu ya bodi baada ya nazi ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Ukisikia harufu ya waya kuungua, au mlio unapanda na kushuka, mota hiyo haifai, na bei ya mota inayofaa haipo kwenye hesabu yao. Tazama machicha: yakitoka na vipande vyeusi vya kifuu, kichwa kinazama sana. Omba kichwa kimoja cha kukunia, ukalaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikiamka na kutu, hicho ni chuma cha kawaida, hakifai kugusa chakula hata wakikiita stenlesi. Angalia kama vidole vina kizuizi, kama plagi ni ya pini tatu na waya wa ethi umefungwa kweli kwenye bodi. Mikono ya mpishi wa nazi huwa imelowa, na bodi ni ya chuma. Hapo hakuna kusamehe.

Waulize pia kama wameanza kushughulika na Shirika la Viwango, TBS. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa njia hiyo. Wasipokuwa na alama ya ubora leo si mwisho wa dunia, ila wafuasi wako waambiwe.

Swali jingine la karakana: sampuli hii ilichukua siku ngapi, na nani aliichomelea? Fundi mmoja akitumia siku mbili kwa mashine moja, mashine 200 ni siku 400. Miezi minne ina siku za kazi kama 100. Wanahitaji mafundi wanne au vifaa vya kukatia bodi kwa pamoja, na vyote viwili ni pesa ambayo haipo kwenye lile karatasi. Kabla ya kusema tarehe yoyote mbele ya kamera, waone wakitengeneza mashine tano ndani ya wiki moja, zote zikiwa sawa. Tano zikitoka tano tofauti, hawajawa tayari kuchangiwa, wanahitaji wiki nyingine sita za kazi.

Wao ni nani kisheria? Jina lao litafutwe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara. Angalia kama ni kampuni au ni jina la biashara tu, maana jina la biashara halimtenganishi mwenye nalo na madeni yake, na wachangiaji wanapaswa kujua wanamdai nani. Chukua namba ya mlipa kodi, nakala za vitambulisho vya NIDA vya wote wawili, na barua ya serikali ya mtaa inayotambua karakana. Usiviposti. Viweke kwenye faili lako, pamoja na picha za siku ya nazi 20 na meseji mlizoandikiana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au inapotosha, kwa nia ya kuhadaa umma, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Faili hilo ndilo litakaloonyesha ulijua nini na ulikijua lini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na wewe unayelipwa kutangaza umo kwenye biashara hiyo.

Pesa isipite kwako. Hata kwa siku moja, hata kama wafuasi wanasema "dada tunakuamini wewe, tutume kwako". Ikiingia kwenye namba yako umepokea wewe, na siku ya kudai utadaiwa wewe. Isiingie pia kwenye namba binafsi ya mmoja wa vijana. Wafungue akaunti ya kampuni benki, yenye watia saini watatu na wawili kati yao ndio wanaoweza kutoa, na wa tatu awe mtu wa nje ya karakana. Wachukue lipa namba ya akaunti hiyo. Jina linalojitokeza kabla ya mtu kuweka namba ya siri liwe ndilo unalolitamka kwenye video, neno kwa neno. Hili ni la lazima. Video yako ikianza kuvuma, kuna mtu ataipakua, atabandika namba yake juu na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Mji huu umeshapata meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" za kutosha. Ukitamka namba kwa mdomo na ukataja jina litakalotokea, anayetazama nakala ya kughushi ana cha kulinganisha.

Jambo ambalo miradi ya Dar inalikosea mara nyingi ni kukusanya kabla ya kujua kama lengo litafikiwa. Kickstarter haimkati mchangiaji mpaka lengo litimie, na lisipotimia hakuna anayetoa hata senti. Lakini waandaaji walioko Tanzania hawamo kwenye orodha yake, na pesa ya simu ikishatumwa imeondoka. Dawa tunayo nyumbani, ni ya kamati za harusi: ahadi kwanza, pesa baadaye. Wiki mbili za mwanzo kusanya ahadi tu, jina na namba ya simu, bila shilingi. Zikifika 70, lipa namba inafunguliwa kwa siku saba. Wengine wataingia mitini, ndivyo ahadi zilivyo, kwa hiyo tafuta ahadi 70 ili upate walipaji 50. Wasipofika 50, waliolipa wanarudishiwa yote ndani ya siku kumi, na makato wanayabeba vijana. Hilo litamkwe siku ya kwanza.

Kwa mashine 50 za 180,000 zinapatikana milioni 9. Zisitoke zote pamoja. Mota zote 50 kwa 45,000 ni milioni 2.25. Vifaa vingine na kazi kwa mashine 20 za kwanza, kwa 75,000 kila moja, ni milioni 1.5. Basi awamu ya kwanza ni milioni 3.75, dhidi ya risiti. Awamu ya pili itoke baada ya mashine 20 kufika mikononi mwa watu na wiki mbili kupita bila malalamiko ya mota. Nani apate 20 za kwanza? Waliolipa kwanza, kwa mpangilio wa daftari. Ndugu na marafiki wa vijana wasubiri foleni.

Daftari hilo liwe na jina, namba, kiasi, tarehe na namba ya muamala, likae sehemu mbili tofauti. Picha za meseji za malipo zenye majina na namba za watu usizirushe kwenye stori yako ili kuonyesha mchango unavyopamba moto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na zaidi ya sheria, orodha ya watu waliotoka kutuma pesa ni chakula cha matapeli.

Tangazo lenyewe lina maneno machache ambayo hayana mbadala. Yaseme kwa mdomo, ndani ya sekunde 15 za kwanza, na yaandikwe kwenye skrini kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo:

"Nimelipwa shilingi 500,000 na watengenezaji ili nitangaze mchango huu. Mashine hii haipo dukani. Ukilipa unawasaidia kuitengeneza, unaweza kuchelewa kuipata, na upo uwezekano wa kuikosa. Usitoe pesa ya kodi au ada ya mtoto."

Kutaja kiasi kunaweza kukutia aibu. Kitaje. Mwaka 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumalizana na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, baada ya kutangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax kwenye Instagram. Alama ya kuonyesha kuwa ni tangazo aliiweka. Alichokosa kusema ni kwamba alilipwa dola 250,000. Sheria ile ni ya kwao na ni ya masoko ya mitaji, lakini mantiki inavuka bahari: mtazamaji anapima maneno yako tofauti akijua yana uzito gani mfukoni mwako. Ukiwa laivu, rudia kila baada ya dakika kumi, maana watu wanaingia katikati. Usiyafiche chini ya maelezo ambako mtu lazima abonyeze ndipo asome.

Na usionyeshe mashine ikifanya kisichoweza kufanya leo. Kickstarter tangu 2012 inakataza picha za kuchorwa kwa kompyuta zinazofanana na halisi kwenye miradi ya vifaa, na inataka sampuli halisi. Chukua sheria hiyo kama yako. Mota ikiwa inapumzishwa kila baada ya nazi tatu, mapumziko hayo yabaki kwenye video.

Kuna maneno yakitokea mdomoni mwa vijana, funga mazungumzo. "Gawio", "utarudishiwa na faida", "lete watu watano upate yako bure", "kuwa mwekezaji". Mtu anayelipia mbuzi apewe mbuzi ni mchangiaji anayenunua mapema. Mtu anayetoa pesa apate pesa zaidi ni habari nyingine kabisa: kuuzia umma hisa kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kupokea amana za umma ni kazi ya wenye leseni ya Benki Kuu. Wakazi wa Dar wa mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na foleni za watu waliokwenda "kupanda mbegu", yaani kuweka pesa ili wavune zaidi, na namna kesi ya upatu ilivyofuata. Waliowaalika ndugu zao kwa nia njema walibaki nao kwenye vikao vya familia.

Video ikishatoka kazi yako imefika nusu. Panga siku moja ya taarifa, tuseme Jumamosi kila wiki ya pili, mpaka mashine ya mwisho ifike. Sema mota zimefika au bado zipo bandarini, ngapi zimechomelewa, ngapi zimerudi. Wiki ambayo hakuna kilichofanyika, sema hakuna kilichofanyika. Wachangiaji huvumilia kuchelewa. Ukimya ndio hawauvumilii, na wana haki. Maoni ya wanaolalamika yasifutwe. Kikitokea kikwazo kikubwa, wajue ndani ya saa 48, kwa kuwa walioahidi na hawajalipa bado wana nafasi ya kujiokoa.

Vijana wakipotea au simu zikizimwa, usiifute video ile. Ukiifuta umeondoa ushahidi wa wachangiaji na umejifanya mshirika. Badilisha maelezo yake, onyo liwe mstari wa kwanza, na ulibandike juu ya maoni. Siku hiyohiyo piga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu na benki kuomba akaunti izuiwe, namba iripotiwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, kisha nenda polisi na faili lako na daftari. Wape wachangiaji namba ya jalada ili kila mmoja aongeze maelezo yake. Na zile 500,000 ulizolipwa ziingie kwenye fungu la kurudishia watu, hata kama zitagawanywa kwa 10,000 kila mmoja.

Umeuliza mwishoni, kwa mstari mmoja, kuhusu jirani yako anayetaka umtangazie mchango wa matibabu ya mtoto. Huko usilipwe kabisa. Zungumza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, upate makadirio ya gharama yenye muhuri, na uombe michango ilipwe moja kwa moja hospitalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya mgonjwa, badala ya simu ya mtu. Weka kikomo: kiasi kikitimia, tangaza kimetimia na uache. Sura ya mtoto na jina la ugonjwa wake visionekane, mzazi hata akiruhusu, kwani mtoto huyo atakuja kusoma sekondari na wenzake wenye simu. Sauti ya mama yake na karatasi ya makadirio, jina likiwa limefunikwa, vinatosha.

Kwa vijana wa Gerezani anza na nazi 20. Zikipita zote, rudi na ile hesabu, muipange upya kwa mashine 50.